Shikamoo ya Mlangoni

Nilichukua kiti cha mwalimu. Hicho tu. Mtaani wanasimulia kwamba nilimpiga, wengine kwamba nilimmwagia maji ya kudekia, na kuna mama mmoja Buguruni anaapa nilivunja dirisha. Sikufanya hata kimoja. Nilikuwa nimepeleka fagio la chelewa ambalo mwanangu Kuru alilisahau asubuhi. Nilipofika darasa la pili nikamkuta amesimama mlangoni peke yake, mikono nyuma, uso ameuelekeza ndani, na darasa zima limekaa likimtazama kama watu wanaosubiri penati ipigwe. Mwalimu Tekla alikuwa kasimama karibu na ubao, chaki mkononi, hana hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alikuwa anamwambia kwa upole kabisa kwamba kama shikamoo imemshinda, basi awaambie wenzake ana nini. Aseme tu, nina kigugumizi, aingie akakae. Kuru akafungua mdomo. Nikaona bega lake la kulia linapanda, shingo inakaza, na ile "ki" ikatoka ikagota hapohapo, haiendi mbele hairudi nyuma. Mtoto mmoja dawati la nyuma akaanza kumsaidia, ki, ki, ki, huku anagonga dawati, na wenzake wakaitikia. Nikapita pembeni ya mwanangu, nikanyanyua kiti kilichokuwa nyuma ya meza ya mwalimu, nikakibeba mpaka mlangoni, nikamkalisha Kuru juu yake na fagio nikamwekea mapajani. Nilikuwa na mengi ya kusema. Lakini na mimi ninacho, hichohicho, na siku ile kilinikaba mbele ya watoto wote wale. Nikasimama mdomo wazi, jasho linanitoka kwapani, na wao wanacheka. Mwisho nikatoa maneno machache. "Atakaa hapa. Mtamsubiri."

Mwalimu Tekla akanitazama, akamtazama Kuru, akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la hesabu. "Kumbe na mama," akasema.

Nayaandika haya kwa sababu juzi Mwalimu Tekla alikuja Kariakoo, kwenye meza yangu ya vitenge karibu na Msimbazi. Hakunijua mara moja. Alishika kitenge cha bluu, akakikunja, akakikunjua, akaomba nimpunguzie, nikampunguzia kidogo kama ninavyompunguzia mtu yeyote. Alipokuwa anafungua pochi ndipo alipoinua macho. "Mama Kuru," akasema. "Wewe ndiye ulinisemea kwa wakubwa." Nikamwambia ndiyo, mimi. Akaangalia kitenge, halafu akauliza kama mtu anayeulizia mafua: "Na kile cha mtoto, kilishaisha?" Nikamwambia hakijaisha, anaongea nacho, hata darasani. Akalipa akaondoka. Siwema, jirani yangu wa meza ambaye anauza madera, alikuwa anasikiliza muda wote huku anajifanya kupanga hanga za nguo. Siwema ana kithembe, na hajawahi kukificha hata mbele ya mteja. "Thi ndiye yule mwalimu?" akaniuliza. Nikamwitikia. "Ungemuuzia kile kinachochuja."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Lakini jioni nikipanga mizigo nikajikuta nakunja kitenge kimoja mara tatu, na haikuwa kwa kumwogopa. Ilikuwa hasira ileile, iko palepale nilipoiacha, haijapoa. Watu wananiambia nisamehe, mtoto amekua, yamepita. Hayajapita. Mwaka ule ndio ulionifanya niwe huyu mnayemwona, na nimeona niuandike mimi kabla mama wa Buguruni hajaongeza madirisha mengine.

Tulikuwa tumepanga chumba katika nyumba ya korido, vyumba kulia na kushoto, choo na jiko uani, na mwenye nyumba, Bi Hawa, akiwa na chumba cha mbele na kiti chake cha plastiki kinachoziba nusu ya mlango wa kuingilia. Habari za baba yake Kuru siziandiki, hazina kazi hapa. Tulikuwa na kitanda kimoja, kabati la vyombo na mtungi mdogo wa gesi. Kuta hazikufika juu kabisa, kwa hiyo tulikula chakula chetu pamoja na mazungumzo ya jirani. Mle chumbani kigugumizi kilikuwa kama ndugu aliyekaa muda mrefu, hatukumwondolea kiti wala hatukumwongezea chai. Kuru akianza kunisimulia habari za shule, nilisubiri. Nikianza mimi, alisubiri yeye. Kuna siku wali na maharage vilipoa tukiwa bado kwenye sentensi moja, yake, na alipoimaliza ilikuwa inahusu kuku wa jirani, haikuwa na maana yoyote, na tukacheka wote wawili. Sikujua wakati ule kwamba hiyo ni raha. Nilidhani ndivyo watu wote wanavyokula.

Shida ilianzia nje ya mlango wa chumba. Mtoto wa Kiswahili akipita mbele ya mtu mzima lazima aseme shikamoo, na Bi Hawa alikuwa amekaa mahali ambapo huwezi kutoka wala kuingia bila kumpita. Mimi nina ujanja wangu wa miaka mingi. Neno likinikatalia nalizunguka, nachukua jingine. Nauza vitenge, na siku mbaya sitamki kitenge, nasema mzigo mpya huu, nguo nzuri hii, mteja hajui kitu. Rika langu nikishindwa kumwambia mambo, namwambia vipi. Lakini shikamoo haina ndugu. Huwezi kumwambia mtu mzima kitu kingine mahali pake. Jina lako nalo halina ndugu. Mimi naitwa Kidawa, mwanangu nikamwita Kuruthumu kwa mapenzi ya jina lenyewe bila kufikiria ulimi wake, na tulichonacho wote wawili kinaitwa kigugumizi. Mimi mwenyewe nilimpa mwanangu jina lenye kizingiti mlangoni.

Basi Kuru alipita mbele ya Bi Hawa akiwa amesimama kwenye "shi" bila sauti, midomo imechongoka, na Bi Hawa akaona mtoto anamchongea mdomo. Nikamweleza. Akaelewa siku hiyo. Kesho yake akamsikia Kuru uani anawagombeza kuku, maneno yanatiririka kama maji ya bomba, nendeni huko, mnakula mchele wa watu hamna aibu. Jioni nikamsikia kupitia ukuta akimwambia jirani kwamba yule mtoto anafanya makusudi, na kuku anaongea nao vizuri, akifika kwa watu wazima ndipo anajifanya. Jirani akasema labda alitekenywa sana alipokuwa mchanga. Mwingine akadakia kwamba dawa yake ni mwiko wa ugali, unamgonga nao mdomoni ukiwa bado wa moto, kidogo tu, bila yeye kutegemea. Nilikuwa nakatakata mchicha. Nikaendelea kukata, lakini kuanzia siku hiyo, kukisongwa ugali uani, nilimwita Kuru ndani.

Mwalimu Tekla alikuja shuleni katikati ya mwaka, mgeni, kijana, mtaratibu. Alikuta watoto wamekuwa wengi, wanaingia darasani kama wanaingia sokoni, akaamua kuwarudishia adabu. Akaanzisha salamu ya mlangoni. Kila mtoto anasimama kizingitini peke yake, anatoa shikamoo ya kusikika, anajibiwa marahaba, ndipo anaingia. Wazazi wengi waliisifu, na mimi nilipoisikia mara ya kwanza nilitamani kuisifu, kwa sababu kwa mtoto mwingine ni kitu kizuri. Kuru siku ya kwanza alibaki nje. Siku ya pili vilevile. Nikaenda nikamweleza mwalimu kwa kifupi, maana mbele ya walimu maneno yangu hupungua, nikamwambia mtoto huwa anakwama. Alinisikiliza vizuri tu. Halafu akaniambia kitu ambacho alikuwa na uhakika nacho kabisa. Alisema darasa zima likisimama kumwamkia mkuu, Kuru anasema shikamoo na wenzake bila shida. Alisema kwenye ngonjera ya mahafali ya darasa la saba alikuwa mstari wa mbele, na hakukosa neno. Mdomo ni mzima, mama, akasema. Tatizo ni kujiamini, na tabia.

Hapo ndipo walipokosea, yeye na Bi Hawa na kuku wake. Walidhani kitu kinachokuja na kuondoka si kitu. Sisi wenye nacho tunajua. Ukiimba hakipo. Ukisema na wenzako kwa pamoja hakipo. Ukiongea na kuku, na mtoto mchanga, na wewe mwenyewe bafuni, hakipo. Kinakuja pale mtu mmoja anapokutazama usoni na kusubiri neno moja ambalo huwezi kulibadilisha. Wamekaa wametengeneza mahali penyewe kinapozaliwa, mlango, macho, neno moja, halafu wanashangaa kimezaliwa. Na kwa huruma yake mwalimu akaweka njia ya kutokea. Asiyeweza kutoa shikamoo kwa sababu ya ugonjwa, aseme ugonjwa wake, asamehewe. Aliyekaukwa na sauti kwa mafua alisema nina mafua akaingia. Aliyeng'oka jino alionyesha pengo akaingia. Kuru akaambiwa aseme nina kigugumizi.

Jaribu kulisema wewe unayesoma. Unateleza tu, hata hujui umepita wapi. Sisi tunakutana na ukuta kwenye ile k. Tukiuruka kuna gu. Tukiishinda gu, mwenzake amekaa nyuma yake na yeye anasubiri zamu. Ukifika kwenye zi watu wameshahama. Ndiyo ruhusa aliyopewa mtoto wa darasa la pili: utasamehewe kukwama ukiweza kupita hapa bila kukwama. Na Kuru hakuniambia kwamba mambo yale bado yanaendelea. Alibaki mlangoni asubuhi baada ya asubuhi mpaka kipindi cha kwanza kinaisha, anarudi nyumbani ananiambia wamesoma hesabu. Nilijua siku ya fagio.

Baada ya kiti, mkuu wa shule aliniita. Ofisi yake ilikuwa na pazia jekundu na makabati yanayofunguka yenyewe, na alinikaribisha vizuri, akaagiza mtoto atuletee viti. Akasema kumdhalilisha mwalimu mbele ya wanafunzi ni jambo kubwa, na angeweza kulifikisha mbali, ila yeye ni mtu wa amani. Alichotaka ni kidogo. Nirudi darasa la pili, nisimame palepale, niombe radhi kwa mdomo, watoto wasikie. Mpaka hapo, Kuru abaki nyumbani. Nikamwambia siwezi. Alidhani ninamaanisha ulimi. Akainama mbele kidogo, sauti ikashuka, akaniambia kwa wema ambao mpaka leo ukinijia nauma meno: "Usijali, mama. Mwalimu atasema kwa niaba yako. Wewe utaitikia kwa kichwa."

Nilitoka bila kuaga, na kwetu kutoka bila kuaga ni tusi. Lilikuwa tusi.

Kwa hiyo Kuru akawa anashinda na mimi Kariakoo. Alikaa kwenye kindoo kilichopinduliwa chini ya meza, kati ya mabunda, na daftari la hesabu mapajani. Mchana tulinunua mihogo ya kukaanga na kachumbari, tukaila kwenye gazeti. Alikuwa kimya kuliko nilivyomzoea. Pale kwetu hakuna ukimya, kila mtu anaita, dada karibu, mzigo umeshuka, spika za maduka zinapishana kwa kelele, na yeye chini ya meza anachora mistari. Siwema ndiye aliyemfungua. Siku moja Kuru alimsikia anajitambulisha kwa mteja mgeni, naitwa Thiwema, na mteja akaandika hivyohivyo kwenye simu, Thiwema, na Siwema hakuhangaika naye. Kuru akatoa kichwa nje ya meza akamuuliza, kwa taabu lakini akafika, kwa nini hakumsahihisha.

"Nimthahihishe nini? Hilo ndilo jina nililompa," Siwema akamjibu. Halafu akaendelea huku anatundika dera, kwamba wao watu wa kithembe wamependelewa sana. Aliyelitunga neno lao alilitunga kwa mdomo wao, yeye anasema kithembe vizuri kuliko mwalimu wa Kiswahili, na wenye midomo mizima ndio wanaohangaika, wengine utawasikia wanasema kisembe. "Thithi tumepewa neno letu. Nyie mmetungiwa na majirani."

Kuru akafikiri. Mtoto wangu akifikiri huwa anatafuna kola ya gauni. Akauliza nani aliyewatungia. Siwema akasema hajui, lakini mtu huyo hakuwa nacho, maana mwenye nacho asingejifanyia hivyo, angetafuta neno laini akae nalo maisha. Huyo alikaa barazani, akamsikia mwenzake anahangaika gu, gu, akaona hilo linatosha kuwa jina. Kama mtu ukamwita jina lake kwa kumwigiza anavyochechemea.

Nililala na hilo siku kadhaa. Nilikuwa nimelikwepa neno lile tangu nikiwa shule ya msingi. Kidato cha nne nimemaliza na sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Nilikuwa nasema nina shida ya kuongea, nina hali, mdomo wangu mzito. Nilidhani aibu ni yangu, kwamba nashindwa kulisema kwa sababu nakikuza mno. Kumbe neno lenyewe ni maigizo. Wanataka uje mbele ujiigize, na ukijiigiza wanacheka, na ukikataa wanasema huna adabu. Bubu, ambaye hasemi kabisa, wamempa jina jepesi kiasi kwamba mtoto anayeanza kuongea analiweza. Yeye peke yake ndiye asiyeliweza. Kitata, jina letu jingine, nacho ni hivyohivyo, ta, ta. Halafu wanatushangaa tukinyamaza.

Nyumbani Bi Hawa alikuwa ananisubiri kila jioni na nasaha. Mwalimu ni mzazi, Kidawa. Kamwombe radhi, mtoto asome, ulimi haununuliwi dukani. Majirani walimwunga mkono. Mmoja akasema kwamba shule nyingine hawatampokea wakijua mama yake anabeba viti. Na mimi niliogopa, nisiseme uongo. Kila siku Kuru aliyokaa chini ya meza yangu ilikuwa siku ambayo wenzake wanasoma. Niliona jinsi jambo hili linavyokwenda: anakaa wiki, anakaa mwezi, anajua kupanga vitenge kwa rangi, watu wanasema ana mkono wa biashara, na habari ya shule inaisha bila mtu kuimaliza. Nimewaona wasichana wa namna hiyo pale Kariakoo, wazuri, wachapakazi, kimya. Jumapili moja nilikata shauri nitakwenda kuitikia kwa kichwa. Nilipanga hata gauni.

Jumatatu asubuhi tukatoka chumbani, mimi na gauni langu la radhi, Kuru na sare. Bi Hawa yuko kwenye kiti chake, kikombe cha chai ya rangi mkononi, mguu mmoja umeziba njia. Nilimwamkia, nikapita upande. Kuru akasimama. Akakusanya mikono, midomo ikachongoka, bega likaanza kupanda. Bi Hawa alikuwa na haraka ya kututakia heri, akamkata njiani, "Marahaba, marahaba mjukuu wangu, nenda." Kuru hakwenda. Akatikisa kichwa, akavuta pumzi.

"Si-sijamaliza, bibi," akasema.

Akaanza upya. Bi Hawa akajibu tena kabla, kwa mazoea tu, nadhani hata hakujua kwamba amejibu. Kuru akatikisa kichwa tena akaanza tena kutoka mwanzo. Korido yote ikasimama. Jirani alikuwa ametoka na ndoo ya maji, akaishikilia ndoo hewani. Mimi nikataka kumvuta mkono tuondoke, na nashukuru mkono wangu haukunitii. Safari hii Bi Hawa alifunga mdomo. Alikaa na marahaba yake mdomoni kama mtu aliyeshika kaa la moto, macho yamemtoka, anasubiri. Ilichukua muda. Ile "shi" ilivuma, ikakatika, ikaanza, na mwisho shikamoo ikatoka nzima, imejaa, na jina la bibi juu yake. Ndipo Bi Hawa akasema marahaba, mara moja tu, na akaondoa mguu.

Tukatoka. Tulipofika barabarani Kuru alikunja kulia kwenda shuleni. Nikamwambia hapana, twende kushoto. Ofisi ya kata ilikuwa upande huo.

Afisa elimu wa kata alikuwa mama wa makamo, miwani kwenye kamba, maandazi kwenye sahani iliyofunikwa na sahani nyingine, kikombe cha chai pembeni. Tuliingia tukamwamkia, Kuru naye, na afisa alikuwa anatafuta kalamu kwa hiyo bahati nzuri alimpa muda wake bila kujua. Akaniambia malalamiko yanaletwa kwa barua. Nikamwambia barua naijua, nimefika kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka. Lakini mwanangu alitakiwa aseme kwa mdomo, na mimi nilitakiwa niombe radhi kwa mdomo, basi na malalamiko nayatoa kwa mdomo. Sentensi hiyo peke yake ilimaliza chai yake. Akaniangalia, akavuta karatasi, akasema haya, nitaandika maelezo.

Nikaanza na jina. Nilikwama kwenye Ki ya Kidawa na yeye akaninasua, "Kijakazi?" Nikatikisa kichwa. Nikaanza upya. Nikafika kwenye jina, nikapita jina la mtoto, nikafika kwenye nina ki, na akaona mahali pa kunisaidia. "Kiwanja? Mambo ya viwanja ni kwa mtendaji, mlango wa pili." Kuru akacheka. Nikacheka na mimi, na afisa hakuelewa tunacheka nini. Nikamwambia, kwa maneno yaliyokuwa yanakuja yanavyotaka, kwamba kila atakaponimalizia nitaanza kutoka mwanzo, na mimi sina haraka, meza yangu leo inauzwa na mwenzangu. Akaguna. Akanimalizia tena, kwenye neno mlangoni. Nikaanza tena kutoka jina. Mtu mwingine alichungulia mlangoni na faili, akaambiwa asubiri. Safari iliyofuata nilipokwama, afisa alifungua mdomo, akaufunga, akavua miwani. Akaweka kalamu juu ya karatasi akanitazama usoni, si kama wale wanaosubiri penati. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake avuke barabara.

Nililisema. Kigugumizi. Lilitoka na gu zake zote, zilizomo na zisizokuwemo, na nilipomaliza, Kuru, ambaye alikuwa hajawahi kunisikia nikilitaja, alilirudia pembeni yangu polepole, na la kwake lilikwama mahali pengine kabisa. Afisa akatusubiri wote wawili. Halafu akaandika. Aliponisomea nilimwambia afute neno "mgonjwa" alilolichomeka, akafuta. Nakala ninayo, na hivi ndivyo inavyosema:

"Mimi ni Kidawa, mama yake Kuruthumu wa darasa la pili. Nina kigugumizi na mwanangu ana kigugumizi. Sikuja kulalamikia kigugumizi. Nalalamika kwamba mwanangu amesimamishwa mlangoni kila siku mbele ya wenzake, akaambiwa hataingia mpaka atamke neno ambalo kwa mtu wa aina yetu ndilo gumu kuliko yote, na neno hilo likaitwa msamaha. Nalalamika kwamba amerudishwa nyumbani kwa sababu mama yake alimkalisha kwenye kiti. Nalalamika kwamba nimeambiwa niitikie kwa kichwa wakati mdomo ninao. Sitaki mwanangu asamehewe shikamoo. Shikamoo anaitoa. Nataka isubiriwe, na asijibiwe kabla hajamaliza, na akiwa bado anaitoa aitoe akiwa amekaa ndani na wenzake. Asitakiwe kutaja alichonacho mbele ya mtu yeyote mpaka atake mwenyewe. Nataka arudi darasani kesho asubuhi. Kiti cha mwalimu nilikichukua na nitakichukua tena. Radhi siombi. Maelezo haya nimeyatoa kwa mdomo wangu, na hakuna aliyenimalizia."